Nyumba ya Mbwana Inaliwa

Kwa aliyekosa gazeti la juma lililopita, habari ni fupi na chungu. Mbwana, Mrangi wa Kolo anayechuuza samli na asali, alichoka kumhamisha mkewe Sikudhani kutoka chumba hiki cha kupanga hadi kile pale Dodoma mjini. Akajenga nyumba yake mwenyewe Makutupora, kando ya barabara ya Kondoa. Upepo ukaezua bati, akapiga upya. Fundi akatoroka na fremu ya mlango, akachongesha nyingine. Mwishowe wakahamia. Asubuhi ya kwanza kabisa tulimwacha nyuma ya nyumba, mdomo wazi, akiwatazama ng'ombe wa jirani wanaulamba ukuta wake.

Msomaji mmoja alinisimamisha sokoni akaniambia ng'ombe hawali nyumba. Nilimjibu kwamba hayo angewaambia wale ng'ombe.

Maana walikuwa wanakula. Miaka ile ya Mwingereza, kiangazi kikali, nyasi zimebaki vishina, na ng'ombe wote wa jirani huyo walikuwa wamegundua kwamba kuna Mrangi amewajengea chakula chenye mlango na madirisha.

"Toka! Toka hapa!" Mbwana alipiga kelele huku akirusha madongo.

Ng'ombe mmoja mwekundu akageuza shingo, akamtazama kwa huruma, kisha akarudisha ulimi ukutani.

Sikudhani akatoka nje akijifunga kanga. Akaangalia ukuta. Akaingiza mkono katika shimo lililochimbwa na ndimi, mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko.

"Mume wangu, upande wa pili wa hapa ni kitanda chetu."

"Najua."

"Na baba anakuja Ijumaa."

"Najua pia."

"Sasa kitu gani usichokijua?"

Asichokijua Mbwana ni kwa nini ng'ombe waipite nyumba ya mwalimu, waipite kambi ya barabara, waje kwake.

Hapo kwenye Ijumaa ndipo roho ya Mbwana ilipokuwa inaning'inia. Baba yake Sikudhani, Mzee Hasani, si mtu wa maneno mengi, lakini machache aliyoyasema aliyasema mbele ya ukoo mzima: "Binti yangu si kibuyu cha samli cha kushushwa kila penye kivuli. Siku utakapokuwa na nyumba, nitakuja kuiona. Ikifaa, atakaa. Isipofaa, nitarudi naye Kolo, na usinifuate."

Mara mbili alikwishamrudisha bintiye nyumbani. Mara mbili Mbwana alikwenda kumlilia. Mara ya tatu isingekuwepo. Na Mbwana alimpenda mkewe, tuseme wazi. Alimpenda mpaka akashika kalibu na kufyatua matofali kwa mikono yake, yeye ambaye tangu utoto kazi yake ilikuwa kupima asali kwa kibaba.

Basi akaanza kuitetea nyumba.

Kwanza akakata miiba, akazungusha boma nyuma yote. Mikono ikatoka damu. Akalala akiwa na furaha. Kulipokucha akakuta boma halipo. Mbuzi walikuwa wamelila, na ng'ombe wakapita palipoachwa wazi.

Pili akachukua pilipili zote za Sikudhani, akazitwanga, akazikoroga na maji, akapaka ukuta. Ng'ombe wa kwanza akalamba, akapiga chafya, akatikisa kichwa, akalamba tena. Mbwana kwa hasira akajifuta jasho usoni kwa mkono uleule uliopaka pilipili. Mchana kutwa Sikudhani alikuwa akimmwagia maji machoni, na ng'ombe wakaendelea na shughuli zao.

"Wanaipenda zaidi ikiwa na pilipili," alisema Sikudhani. "Umewaungia."

"Hilo si la kucheka."

"Nani anacheka?"

Tatu akapanda lori kwenda mjini kwa Tajdin, mwenye duka aliyemuuzia bati. Akamweleza shida yake. Tajdin akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mbwana, mimi nauza bati. Bati ng'ombe hali. Ungejenga bati tupu, chini mpaka juu, leo usingekuja kulia kwangu."

"Mtu ataishi vipi ndani ya bati tupu Dodoma hii? Ataiva!"

"Ataiva, lakini hataliwa."

Hata hivyo Tajdin alikuwa na utu. Akampa debe la oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye lori lake. Mbwana akalibeba kama amebeba dawa ya uzima, akapaka ukuta wote wa nyuma mpaka ukawa mweusi tititi.

Ng'ombe wakaja, wakanusa, wakarudi nyuma. Mbwana akaruka juu kama mtoto. "Sikudhani! Njoo uone! Wameshindwa!"

Siku ya pili jua likapiga. Lipu yote iliyonyonya oili ikavimba, ikabanduka, ikaanguka chini vipande vipande. Na chini yake ukuta ukatokea mpya, umejaa unga mweupe mwembamba kama uliopakwa chokaa. Ng'ombe wakarudi mbio. Safari hii walikuja na ndama.

Mbwana akaketi chini, akashika kichwa. Alitamani kulia, na machozi yenyewe yakagoma.

"Nenda kwa mwenye ng'ombe," alisema Sikudhani. "Kila siku unapigana na wanyama. Wanyama wana mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa Matonya, Mgogo wa makamo kama yeye, ambaye tembe lake lilikuwa ng'ambo ya korongo. Mbwana alifika huko amevimba kwa hasira. Hata salamu aliitupa.

"Mbukwa," alijibu Matonya taratibu, kwa salamu ya Kigogo. "Kaa."

"Sikai. Nimekuja kukuambia uwafunge ng'ombe wako. Wananilia nyumba! La sivyo nakwenda kwa jumbe, na jumbe akishindwa nakwenda bomani kwa Bwana Shauri mwenyewe, Mzungu wa wilaya."

Matonya akamtazama mkewe Ruthu, aliyekuwa akipepeta uwele. Ruthu akainamisha uso ndani ya ungo. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Mrangi," alisema Matonya, "udongo wa matofali yako uliutoa wapi?"

"Si nilikuomba wewe? Kule bondeni, penye udongo mweupe laini. Ukasema chukua."

"Nilisema chukua."

"Sasa?"

"Pale ndipo ng'ombe wetu wanapolamba chumvi. Tangu babu yangu hajazaliwa. Kila mwaka Warangi wanakuja na punda, wanaomba udongo ule, wanakwenda kuuchemsha wapate chumvi ya kuuza. Tunawapa. Wewe Mrangi, una punda, unaomba udongo. Nikasema, huyu naye mchemsha chumvi. Nikakupa."

Mbwana akakaa, ingawa alikwishasema hakai.

"Uliniona nikifyatua matofali!"

"Nilikuona. Nikamwambia mke wangu, Warangi wa siku hizi wanaibeba chumvi kwa matofali. Labda isimwagike njiani."

Ruthu akashindwa kujizuia. Akauweka ungo chini, akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Halafu matofali yakaanza kupanda juu," aliendelea Matonya, bila kucheka. "Nikashangaa. Lakini mtu na nyumba yake, utamwuliza? Wewe hukuuliza neno. Umechimba pale mpaka chini, umebakiza shimo. Ng'ombe wangu wanakwenda, wanakuta jiwe. Wanafuata harufu. Wanakuta chumvi yao imesimama, ina bati juu. Unataka niwafunge? Twende kwa jumbe. Twende sasa hivi. Tumwulize nani amekula cha mwenzake."

Hapo, ndugu zangu, ndipo Mbwana alipoona amejipalia makaa. Jumbe angemcheka. Karani wa jumbe angeisambaza habari hiyo mpaka stesheni ya reli. Na Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Akashuka. Sauti ikashuka, mabega yakashuka, kiburi chote kikashuka.

"Ndugu yangu Matonya. Mkwe wangu anakuja Ijumaa kuiona nyumba. Asipoipenda anamchukua mke wangu. Nakuomba siku hiyo moja tu. Wapeleke ng'ombe mbali."

Matonya akafikiri. Akatema mate pembeni.

"Siku hiyo nitawachunga mbali. Nakuahidi. Hata mkia hutauona."

"Mungu akubariki!"

"Lakini mkwe akishaondoka, ukuta mmoja ni wa ng'ombe wangu."

"Ukuta mmoja?"

"Ule wa nyuma. Umekwisha kulambwa. Waumalize. Tatu zinakubakia, nitawazuia. Wewe utajijengea mwingine wa nyuma kwa udongo mwekundu."

Mtu mwenye akili zake angesema, ngoja nikashauriane na mke wangu. Mbwana alikuwa na Ijumaa kichwani, na kichwa chote kimejaa Ijumaa. Akatoa mkono.

"Nimekubali."

Alipofika nyumbani Sikudhani akamwuliza, "Amesema nini?"

"Atawachunga mbali."

"Bure tu?"

"Ni mtu mwema," alisema Mbwana, akaenda kuchota udongo mwekundu.

Wakafanya kazi wote wawili. Wakaziba mashimo, wakapiga lipu nene, wakapaka samadi na majivu. Ijumaa asubuhi nyumba ilikuwa imesimama imependeza, na huwezi kuamini kwamba juma zima ilikuwa inaliwa.

Mzee Hasani akashuka kwenye lori akiwa na Mwalimu Zaidi wa madrasa, aliyemleta kusoma dua. Kanzu nyeupe, bakora mkononi, uso hausomeki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nyumba iko wapi?"

Hata maji hakunywa. Akaizunguka. Akagonga mlango kwa kifundo cha kidole. Akatazama bati, akatazama kenchi za paa. Akaufikia ukuta wa nyuma, akasimama.

"Lipu mbichi," alisema mzee.

"Naam baba. Nimeipa mkono wa mwisho kwa ajili yako."

Mzee akaguna na kupita.

Dua ikasomwa. Ubani ukafukizwa kila pembe. Majirani wakaja, Ruthu akiwa mmoja wao, na kikapu chake cha karanga. Matonya hakuonekana wala ng'ombe wake hawakuonekana. Alikuwa ametimiza ahadi yake kiume. Wali ukaliwa, samli ikamiminwa. Mzee Hasani akajifuta vidole, akamtazama mkwewe, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ndoa akatabasamu.

"Mbwana," alisema, "nilikudhania mtu wa maneno. Nimejionea. Binti yangu atakaa hapa."

Sikudhani akageuka upande, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mbwana akaushika mkono wa mzee kwa mikono miwili. Baada ya upepo, baada ya fundi mwizi, baada ya ndimi zote zile, alikuwa na nyumba na alikuwa na mke!

"Na mimi sikuja mikono mitupu," aliendelea mzee. "Nyumba yenye binti yangu haiwezi kukaa bila maziwa. Mwanangu Zuberi nilimtanguliza kwa miguu kutoka Kolo. Nadhani ndio hao wanafika."

Mbwana akageuza kichwa.

Barabarani vumbi lilikuwa linapanda. Zuberi, shemeji yake, alikuwa anakuja na fahali mmoja mweusi na majike wawili, wamekonda kwa safari, ndimi nje.

"Baba," alisema Mbwana, na sauti yake ikatoka nyembamba. "Baba, ungewaacha kwanza wapumzike barabarani."

"Barabarani? Ng'ombe wangu?"

Fahali akasimama. Akainua pua. Akanusa upepo upande huu, akanusa upande ule. Kisha akaikata kamba mkononi mwa Zuberi kama uzi, akaipita mikeka, akaipita sinia ya wali, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Majike wakamfuata.

Watu wote wakainuka kwenda kutazama. Lipu mbichi ilikwisha kuanguka chini. Fahali alikuwa analamba kwa bidii ya mtu aliyefunga tangu Kolo, na jike mmoja alikuwa anaguguna kona.

"Kuna nini?" aliuliza Mzee Hasani. "Ng'ombe wangu wana nini?"

Mbwana aliona ukuta unamomonyoka, aliona Ijumaa yake inamomonyoka, na akili zikamruka. Akamwendea fahali, akamtandika kofi la pua kwa nguvu zake zote.

Wageni wakarudi nyuma hatua moja.

Katika ukoo wa Mzee Hasani, mnyama wa zawadi hapigwi na anayepewa siku aliyofika. Humpokea kwa kumshika mgongo na kumpa maji. Ukimpiga, umemkataa, na umemkataa aliyemleta. Mbwana alilijua hilo tangu alipoposa. Lakini alilikumbuka baada ya kofi kulia.

"Umemrudisha ng'ombe wangu," alisema mzee polepole. "Mbele ya watu. Mbele ya mwalimu."

"Baba, sikukusudia. Ni ukuta..."

Ruthu, moyo wake mweupe, akaona afadhali asuluhishe.

"Baba, msigombane," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Si kosa la ng'ombe. Nyumba hii ni chumvi. Hata ng'ombe wetu wanailamba. Leo tumewapeleka mbali kwa heshima yako tu. Kesho watakuja kwenye ukuta wao."

Sikudhani akageuka. "Ukuta wao upi, mama?"

"Huu wa nyuma. Mumeo ametupa."

"Ametoa ukuta wa nyuma?"

"Wamepeana mikono, yeye na Matonya. Hakukuambia?"

Mzee Hasani akagusa ukuta kwa kidole, akakionja, akatema. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Sikudhani," alisema, "kafungashe."

Sikudhani akaingia ndani. Mbwana akamfuata mpaka mlangoni, akarudi, akaenda tena, akarudi tena. Ndani zikasikika sauti za sanduku linalofunguliwa na kufungwa.

Akatoka nalo kichwani. Macho yake yalikuwa makavu, na hapo ndipo Mbwana alipoogopa kweli.

"Mke wangu, baba yako amekasirika tu, tungojee apoe..."

"Simfuati baba."

Moyo wa Mbwana ukaruka kwa furaha.

"Wala na wewe sikai."

"Unakwenda wapi sasa?"

"Kwa Matonya. Mama Ruthu, twende."

Watu wakatazamana. Ruthu akashika kikapu chake kama mtu asiyejua kama amesikia vizuri.

"Sikudhani!" Mzee Hasani alipaza sauti. "Binti yangu alale kwenye tembe la watu, na kwao anako?"

"Baba, ulisema nitakaa penye nyumba. Hii si nyumba, hii ni chumvi ya watu." Akamgeukia mumewe, na sasa sauti ikamtetemeka. "Pilipili zangu zote nimekupa. Usiku na mchana nimekanda udongo na wewe. Ningekuambia mpe hata kuta mbili, ningelala uwanjani na wewe! Ukaugawa ukuta wa kitanda changu, ukaja ukanitazama machoni, ukasema ni mtu mwema. Nitakaa kwao. Siku udongo wao utakaporudi shimoni, wote, mpaka tofali la mwisho, uje unichukue."

Akaenda. Sanduku halikutikisika kichwani mwake. Ruthu akamfuata nyuma akigeuka geuka kuomba radhi kwa mikono.

Mbwana akabaki kati ya watu waliokula wali wake, na hakuna hata mmoja aliyejua pa kutazama.

"Umemsikia," alisema Mzee Hasani. "Sasa nisikie na mimi. Lori linarudi Kondoa Jumatatu. Jumatatu nitamkuta binti yangu chini ya paa la mumewe, na paa liwe juu ya kuta. Nisipomkuta, nitamtoa kwa Matonya mwenyewe, na hutamwona tena."

"Baba, nikirudisha udongo, nyumba haipo. Nisiporudisha, mke hayupo!"

"Hesabu hiyo ni yako."

Mzee akaenda kukaa chini ya ukingo wa bati, kuisubiri hiyo Jumatatu. Nyuma ya nyumba fahali alikuwa ameshatoboa. Kwenye tundu Mbwana akakiona kitanda chao, na shuka jipya alilolitandika Sikudhani asubuhi ile kwa ajili ya wageni.